Kioo cha Ukungu

Nyumba yetu ya Tunduma tuliinunua ikiwa tayari na sinki la kuogea, lile refu la kulala ndani. Aliyeijenga alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, na nadhani aliliona sinki kama hilo mahali fulani likamnyima usingizi. Akalileta, akalipachika ukutani, akasahau jambo moja dogo, kwamba Tunduma ya siku zile maji yalikuwa yakija bombani yakijisikia. Kwa hiyo kwa miaka mingi sinki lilikuwa ghala letu la maji. Tulilijaza siku maji yalipotoka, tukalifunika kwa kipande cha mabati, na kila mtu aliyetaka kuoga alichota kwa kopo akasimama pembeni. Majirani waliliita jakuzi, kwa kutucheka, na mimi nilikuwa nacheka nao.

Lakini kimoyomoyo nilikuwa nalingoja. Mimi ni mtu wa kuota macho yakiwa wazi. Nikiwa sokoni, nimekaa nyuma ya vitenge vyangu, mteja anaweza kuuliza mara mbili kabla sijamsikia. Nilipokuwa nachota maji ya kupikia, nilikuwa nafunua yale mabati na kuinama kidogo, natazama dari lilivyolala ndani ya maji, halafu nasahau nimetumwa nini na sufuria.

Utoto wangu ni Isansa, kwenye baridi ya Mbozi. Bafu letu lilikuwa ua wa mabua nyuma ya jiko, chini mawe bapa, juu hakuna kitu. Mama alikuwa ananiogesha kwenye karai asubuhi, maji ya moto yakitoa mvuke, na ukungu nao ukishuka kutoka kwenye mibuni hadi ndani ya ua. Sikuwa najua mvuke unaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Mkono wa mama ulikuwa unatokea humo wenye sabuni, halafu unapotea tena. Na juu ya ua ilining'inia khanga yake. Khanga ikiwa juu ya ua, watu wote wa nyumbani na wapita njia walijua kuna mtu ndani, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Nadhani kila bafu nililolitaka maishani lilikuwa lile.

Basi miaka ikaenda. Tulichimba kisima, tukapandisha tanki juu ya nguzo, mume wangu akaleta fundi akafunga bomba la mvua juu ya sinki. Mabati tuliyatoa. Tuliweka pazia la plastiki lenye picha za samaki ili maji yasiruke nje. Yeyote aliyewahi kuoga nyuma ya pazia la plastiki anajua tabia yake. Ukifungua maji ya moto tu linakusogelea, linakuganda mgongoni, la baridi, kama mtu usiyemjua anayekuegemea. Nililichukia pazia lile, ila mume wangu alilipenda sinki. Yeye anauza vipuri vya malori, anarudi jioni ana grisi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anajaza maji, anakaa humo mpaka yanapoa, tunamsikia akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya nne, ile nzito ya chini.

Mama yangu alikuja kukaa nasi wakati wa kipupwe. Hakuja kwa kupenda. Baba alishatutoka, na sisi watoto tumetawanyika, kwa hiyo alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba ya mteremkoni. Siku moja aliteleza kwenye njia ya kijitoni akiwa na ndoo kichwani, akalala pale pale mpaka jirani mmoja alipopita na mbuzi wake. Hakuvunjika, ila mguu ulibaki mzito. Nilimfuata mwenyewe, nikamwambia anakuja Tunduma kwa wiki mbili. Kila mmoja wetu alijua nasema uongo.

Ni lazima niseme jinsi mume wangu anavyoishi na mkwewe, kwa maana watoto wa siku hizi wanadhani ni mchezo. Yeye ni Mnamwanga na sisi ni Wanyiha, lakini katika hili hatutofautiani. Hampi mkono. Hakai kwenye kiti alichotoka kukaa mama. Akifika nyumbani anakohoa tangu getini, na mama akisikia kikohozi anajitanda khanga vizuri na kusogea. Wanasalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni, kwa heshima kubwa kabisa, na mimi nikiwa katikati napeleka maneno. "Mwambie mama kuna ndizi." "Mwambie baba watoto nimeshukuru." Wote wawili wako sebuleni. Nimewahi kuchoka nikawaambia waandikiane barua. Hakuna aliyecheka.

Mwezi wa pili wa kukaa kwake, mama aliteleza bafuni.

Nilisikia kishindo nikakimbia. Alikuwa ameketi kwenye marumaru, khanga imemzunguka, maji yametapakaa sakafu nzima mpaka mlangoni. Kiwiko kimechubuka, basi. Alinitazama kwa hasira, kama vile mimi ndiye niliyemwaga yale maji. Nikalitazama pazia la samaki, likiwa limekunjamana pembeni ya sinki, nikajua adui yangu ni nani.

Tangu siku hiyo hakuingia tena bafuni. Alichukua karai, akaenda nyuma ya nyumba, akafunga khanga mbili kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaoga hapo. Nje, Tunduma, kwenye upepo ule wenye vumbi la malori, mwanamke wa umri wake. Nilipomsema, alijibu kwa upole ulioniogopesha. "Usihangaike, mwanangu. Mvua zikianza narudi kwangu."

Mvua zikianza. Kuanzia hapo nilikuwa naamka na kutazama mawingu. Niliogopa, na sioni sababu ya kuficha. Kila nilipofumba macho nilimwona kwenye ile njia ya kijitoni, imelowa, na safari hii hakuna mbuzi anayepita. Nikajiambia kwamba bafu ndilo linalomfukuza. Nikilitengeneza bafu, mama atakaa.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya vioo.

Duka la vioo liko barabara ya kuelekea mpakani. Vioo vikubwa vimeegemezwa ukutani safu kwa safu, na ukipita kati yake unajiona mara nyingi, vipande vipande, na nyuma yako yanapita malori, anga, mwanamke mwenye beseni la nyanya. Mara ya kwanza nilikaa humo mpaka mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akaja kunigusa bega. Alikuwa anawakaribisha wateja wa Zambia kwa Kibemba, "mwaiseni bamayo, mwaiseni," kisha ananigeukia mimi, "dada, umeamua?" Sikuwa nimeamua. Nilikuwa natembea.

Nilirudi siku ya pili nikiwa na mama. Alipita kati ya vioo mkono wake mmoja ukiwa mbele, polepole, kama anayepita shambani kwenye mahindi marefu. Mwenye duka akatuonyesha kimoja kimoja. Kulikuwa na kioo cheupe kabisa, kinaonyesha kila kitu. Kulikuwa na kioo cha maua, ambacho mama alikisifu halafu akasema kinafaa msikitini au kanisani. Na kulikuwa na kioo cha ukungu. Mwenye duka aliweka mkono wake nyuma yake, ukaonekana kivuli laini cha mkono, bila vidole. Alipousogeza karibu, vidole vikatokea. Alipourudisha nyuma, vikapotea.

Nilisimama pale nikiwa na miaka mitano. Harufu ya mabua yaliyolowa ilinijia, sabuni ya mche, na moshi wa jikoni. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

"Hiki," nikasema.

Mama alikitazama kwa makini, mbele na nyuma. "Kioo ni cha kuonea," akasema. "Hiki hakionyeshi. Sasa mnanunua nini?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilimwambia mama kwamba hiki ndicho chake, kwamba humo hakuna atakayemwona. Akaitikia "haya," ile haya ya mtu ambaye hajakubali ila hataki kugombana dukani.

Mume wangu alitaka kioo cheupe. Alisema cha ukungu kinaficha uchafu, na kitu kinachoficha uchafu si cha kuaminiwa. Tulibishana jikoni kwa raha zetu, mpaka mama alipoingia kuchukua chumvi, mume wangu akameza sentensi yake katikati akatoka kupitia mlango wa nyuma.

Fundi alikuja kupima. Tulikuwa tumeshabandua marumaru za zamani na kuweka mpya, zenye mikwaruzo ili mguu ushike. Alipima juu, katikati na chini, kwa sababu kuta zetu zimeegemea kidogo, akaniambia kwamba kioo kigumu cha bafuni kikishachomwa kiwandani hakikatwi tena, kwa hiyo makosa yote tuyafanye sasa kwenye futi. Kisha akauliza ninataka mlango wa kuteleza au wa kufungua.

Moyo wangu ulitaka wa kuteleza. Nilipenda ile sauti yake, ile pumzi ndefu kwenye reli. Lakini mlango wa kuteleza unataka reli ya chuma juu ya ukingo wa sinki, na mimi nilikuwa nimeshapanga kichwani jinsi mama atakavyoingia. Ataketi ukingoni, atainua mguu mzuri, kisha ule mzito, ataushusha, na atakaa chini kwenye maji ya moto mpaka shingoni. Reli ingemuumiza mapajani. Tena mlango wa kuteleza hufungua nusu tu, hata uusukume vipi. Nikachagua wa kufungua, kipande kimoja kimesimama imara upande wa bomba, na kingine kinazunguka kwa bawaba kutoka ukutani, kinaacha ukingo wote uliobaki wazi. Niliamua hayo kwa fahari. Nilijiona mwerevu sana.

Walipofunga, tuliambiwa tusiguse maji mpaka silikoni ya kuzibia ikauke. Nilikuwa naingia bafuni kila mara bila shughuli. Mchana mwanga wa dirishani ulipiga kile kioo, chumba kizima kikajaa weupe mtulivu, na hata kelele za malori zilionekana kukaa mbali. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasahau mboga motoni. Zikaungua. Mama alizila hivyo hivyo.

Siku ya kufungua tulimpa mama nafasi ya kwanza. Nilimjazia maji mwenyewe, nikamwonyesha bawaba na pa kushika, nikamwekea taulo, nikatoka. Nilikaa koridoni, sakafuni, mgongo ukutani, nasikiliza. Nilisikia kopo. Maji yakamwagika, yakatulia, yakamwagika tena. Niliwaza kwamba anajimwagia mabegani. Nilikuwa na furaha, furaha ya kijinga kabisa, machozi yananilenga.

Akatoka, amejitanda, ananukia sabuni. "Nimeshukuru, mwanangu," akasema, akaenda chumbani kwake.

Niliingia kulitazama bafu langu. Sakafu ilikuwa imelowa yote, mpaka mlangoni. Na kioo kilikuwa kikavu. Nilikipapasa kwa kiganja, mbele na nyuma, juu mpaka chini. Hakikuwa na tone hata moja. Sinki lilikuwa limejaa kama nilivyoliacha, pungufu ya makopo machache, na dari limelala ndani yake bila kutikisika.

Nilisimama pale mpaka nikaelewa. Pazia la samaki halikuwahi kuvujisha kitu. Mama hakuwahi kuingia ndani ya lile sinki hata siku moja. Alikuwa anasimama nje yake, kwenye marumaru, anachota.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa kitandani anajipaka mafuta kwenye ule mguu.

"Mama, hukuingia."

"Nimeoga. Huninusi?"

"Kioo ni kikavu, mama."

Aliendelea kujipaka mafuta. Kisha akasema kwa Kinyiha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mtoto jambo ambalo alipaswa kuwa analijua. "Mkwe wangu anakaa humo." Nilipobaki nimeduwaa, akarudia kwa Kiswahili, labda nielewe vizuri zaidi. "Anakaa humo uchi. Mimi hata kiti chake sikikalii. Nikakae hapo?"

Kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikakasirika. Nilikikasirikia kioo, nikamkasirikia fundi na futi yake, nikamkasirikia yule wakala na jakuzi lake. "Ungesema," nikamwambia.

"Ningesema kwako, ungemwambia yeye. Naye angenipitaje tena hapo sebuleni?" Akafunga kopo la mafuta. "Si nyumba mbaya, mwanangu. Ni nyumba yake. Mvua zikianza narudi kwangu."

Siku nzima nililibeba neno lile kama yai mdomoni. Jioni, mume wangu akiwa mezani anakula, nilimweleza nikiwa nimempa mgongo, nikijifanya nafuta jiko. Ni aibu kumwambia mtu jambo la namna hiyo. Nilisikia ameacha kutafuna.

"Miezi yote hii?" akauliza.

"Yote."

"Mwambie mimi huwa sikai. Mwambie nasimama."

"Amekusikia ukiimba."

Akanawa mikono, akatoka, akakaa barazani.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya maji, siyo ya bomba, ya karai. Nilichungulia dirisha la nyuma. Mume wangu alikuwa uani, amefunga khanga yangu kwenye kamba ya nguo, kichwa na mabega vimetokea juu yake, anajimwagia maji ya kisima kama yalivyo. Pumzi yake ilikuwa inatoka kwa vishindo. Hakuimba. Alipoingia ndani anatetemeka alinipita, akasema tu, "Bafu ni la mama," akaenda kuvaa.

Kesho yake tena. Na siku iliyofuata. Mama naye alikuwa anaamka mapema, na dirisha lake linatazama huko huko uani. Sikumpelekea ujumbe wowote. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu hawakunihitaji.

Kisha, asubuhi moja mume wangu akiwa ameshakwenda dukani, mama alikuja jikoni akaniomba majivu.

"Ya nini?"

"Nipe majivu na gunzi."

Alikwenda bafuni. Nilimkuta amepiga magoti, amefungua kile kioo hadi mwisho wa bawaba, amelala nusu mwili juu ya ukingo, analisugua sinki kwa majivu na gunzi la mahindi, kama anavyosugua vyungu nyumbani, kila kona, mpaka kwenye tundu la kutolea maji. Linakwaruzika, nilijua linakwaruzika, na kama angekuwa mtu mwingine ningepiga kelele. Nilisimama mlangoni nikashika mdomo. Alisuuza mara nyingi. Akanyanyuka kwa kunishika mkono, akasema nimletee maji ya moto, na niondoke.

Nilileta maji, nikaondoka. Niliporudi koridoni, mlango wa bafu ulikuwa umeachwa wazi kidogo, kwa sababu anaogopa kufungiwa. Kile kioo cha ukungu nilichokitafuta, nilichokipigania, alikuwa ametupia khanga yake juu yake. Imening'inia mpaka katikati, imekifunika nusu nzima. Chini ya khanga, pale kioo kilipobaki wazi, niliona kivuli kimeketi. Mkono ukasogea karibu, ukatokea na vidole vyake, ukarudi nyuma. Maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo kwa ndani. Nilikaa chini sakafuni, nikalia bila kutoa sauti.

Lakini safari yake hakuitaja kuwa imefutwa, na mimi sikuthubutu kuuliza. Begi lake lilibaki chini ya kitanda. Mawingu yalikuwa yanaongezeka upande wa Ileje kila mchana.

Mvua ya kwanza ilikuja kabla hakujapambazuka vizuri. Niliisikia juu ya bati nikashtuka, nikaenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Kitanda kimetandikwa. Niliinama kutazama chini ya kitanda na giza likanidanganya kwamba begi halipo, nikapapasa mpaka nikaligusa. Jikoni jiko la mkaa lilikuwa limewashwa na kuachwa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Nje, chini ya upenu pale mvua isipofika, ilikuwepo ndoo ya maji, imefunikwa kwa mfuniko wa sufuria kubwa, kama mama anavyofunika. Pembeni yake karai, kavu, limepinduliwa. Mume wangu alikuwa amesimama hapo na taulo begani. Aliinua mfuniko, mvuke ukampanda usoni, akabaki ameushika hivyo hivyo huku mvua inanyesha mbele yake.

Kisha akageukia nyumba, akakohoa, kile kikohozi chake cha getini.

Tulisubiri. Kutoka bafuni, nyuma ya khanga na kioo, mama naye akakohoa.